Tik

Nilibonyeza stata, ikajibu: tik.
Nikabonyeza tena: tik.
Kama mtu anayesonya usingizini.
Buza kwa Mpalange, kabla ya jua,
abiria wangu muuguzi, mkoba kifuani,
zamu yake saa kumi na mbili.
Nikapiga kiki mpaka goti likalia.
Akapanda ya Athanasi,
akaondoka akinitazama kwa huruma,
na huruma ya abiria hainunui petroli.

Wakaja wenye ushauri.
"Stata imekufa. Elfu sabini, ninayo dukani."
"Plagi hiyo."
"Kuna mtu umemkosea, kaka, kumbuka vizuri."
Wa nne hakusema kitu,
alikuwa anakitazama kioo changu cha pembeni
kama anayekipigia bei.

Nikaisukuma hadi Yombo Vituka
kwa Mwasiti Mbonde, fundi umeme,
banda la mabati, jicho la kushoto lina ukungu.
Hakugusa stata. Akawasha taa ya mbele.
"Bonyeza. Usiangalie kidole, angalia taa."
Tik. Taa ikafifia
kama mtu aliyesikia sauti ya mdai wake mlangoni.
"Mgonjwa analia mguu," akasema,
"maradhi yako tumboni."

Mita yake imefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli.
Betri imetulia: kumi na mbili na nukta moja.
Nikibonyeza: saba.
Akaufuata waya wa hasi kwa ncha ya kidole,
taratibu, kama anayemtafuta mtoto chawa,
hadi kwenye bolti inayoushika fremu.
Bolti niliyoipaka rangi mwenyewe,
nyekundu, kwa ajili ya Idi.
Chini ya rangi, kutu.
Chini ya kutu, umeme wangu
ulikuwa unabisha hodi.

Akakwangua kwa msasa mpaka chuma kikacheka.
Ule unga wa kijani kwenye vichwa vya betri
akauosha kwa magadi na mswaki uliozeeka.
Tik ikawa ngrr.
Ngrr.
Kisha kimya.
"Njia imefunguka. Sasa msafiri hana nguvu."

Mimi na haraka zangu:
"Gereji ya malori wana chaja kubwa,
nusu saa tu, nirudi kijiweni."
Akaweka bisibisi chini.
"Hiyo nusu saa," akasema, "nilishaitumia."

Akaitoa betri, hasi kwanza, chanya baadaye.
Akafungua vifuniko sita, vidogo kama vifungo vya shati,
akaongeza maji ya betri hadi kwenye mstari,
asidi hakuigusa, ya bomba hakuyataka.
Akabana nyaya, swichi ya ukutani ikawa ya mwisho.
Nusu ampea. Madirisha yote wazi.
"Betri ndogo haimezi. Inalamba."

Mbu wa Yombo hawangoji mwaliko.
Nikatoa udi wa mbu na kiberiti,
akaninyang'anya vyote
kabla njiti haijakuna.
"Sikiliza."
Nikainama. Ndani, vipovu,
sufuria ya uji inayoanza kuwaza.
"Hiyo pumzi huioni, huinusi,
na inangoja cheche moja."

Basi nikaliwa.
Saa sita umeme ukakatika,
mtaa mzima ukaguna kwa koo moja.
Mwasiti akazima, akachomoa,
mikono yake haikuhitaji tochi.
Tukakaa. Mbwa wa jirani akabweka, akachoka.
"Sigara ilikuwa ya mume wangu,"
akasema gizani,
na hakuongeza neno mpaka taa ziliporudi.

Alfajiri akaiacha ipumzike kwanza,
ndipo akapima: kumi na mbili na nukta saba.
Chanya, kisha hasi.
Nikabonyeza.
Sitaandika ule mlio,
mwenye pikipiki anaujua.

Akachukua elfu nane, na udi wangu hakunirudishia.
Nilirudi Buza nikijikuna shingo.

Siku hizi Idi ikikaribia napaka rangi tena,
fremu, tangi, hata stendi.
Bolti ile naizunguka kwa brashi,
naiacha uchi,
naipa grisi kidogo.